Alamu ya gari inalia usiku bila sababu? Anza na swichi ya boneti, sensa baadae (hasa sisi wa Tanga)

Wakuu, nimetoka kumaliza IST ya dada mmoja wa Raskazone, alamu ilikua inalia alfajiri mpaka majirani wakaanza kumnunia. Fundi aliyenitangulia alishashusha nguvu ya sensa ya mtikisiko mpaka mwisho, yaani unaipiga bodi ya gari ngumi haishtuki, lakini alfajiri bado inalia. Hii naiona kila mara hapa mjini, watu wanashusha sensa, ikishindikana wanakata waya wa king'ora, gari inabaki wazi kwa mwizi. Naongelea alamu za kufungiwa huku, sio ile iliyokuja na gari kutoka Japani.

1. Betri

Pima asubuhi kabla hujawasha gari, iwe imelala usiku kucha. Volti 12.6 imejaa, 12.4 inavumilika, ikikaribia 12.0 hiyo imeisha, ichaji au badilisha kwanza maana umeme ukiyumba bodi ya alamu inachanganyikiwa. Kaza taminali, ule unga unga unaoota hapo uoshe na maji ya moto. Na tumieni multimeta jamani, sio testa ya taa. Testa inakwambia umeme upo, haikwambii upo kiasi gani.

2. Iulize alamu yenyewe

Alamu nyingi ukizizima baada ya kulia zinakwambia nini kimezishtua, aidha kwa milio ya ziada au kile kitaa cha kwenye dashibodi kinakonyeza mara kadhaa. Idadi inategemea aina ya alamu. Kama karatasi yake imepotea (na huwa imepotea) tengeneza yako: shusha kioo, funga milango, washa alamu, subiri kama dakika moja, alafu fungua mlango kutokea ndani. Zima kwa rimoti, hesabu mikonyezo, andika. Rudia kwa kuingiza mkono dirishani taratibu ukavuta kamba ya boneti. Rudia tena kwa kugonga bodi. Sasa ikilia usiku, kabla hujafungua chochote, zima na uhesabu. Ya yule dada ilikua inasema boneti, na boneti imefungwa.

3. Swichi ya boneti, hapa tulia

Ni kile kipini chenye springi pembeni ya boneti. Boneti ikifungwa kinakandamizwa na waya wake haugusi bodi, ikifunguliwa kinapanda na waya unagusa bodi (ethi), alamu inalia. Kirahisi hivyo, lakini kinakaa mahali pabaya kuliko kifaa chochote cha alamu, maji ya mvua yanapita hapo, vumbi linakaa hapo, na sisi tuna upepo wa bahari. Chumvi inakaa kwenye kutu, usiku hewa ikipoa umande unailowanisha, na chumvi ikilowa inapitisha umeme. Kidogo tu kinatosha, bodi ya alamu inaona kama boneti imefunguliwa. Jua likitoka panakauka, ukimpelekea fundi saa nne hakuna tatizo, anashusha sensa anachukua hela yake. Ndo maana mi gari ya namna hii nasema ilale kwangu niipime alfajiri.

Kupima: chomoa waya kwenye swichi, weka mita kwenye omu (alama ya Ω), ncha moja kwenye mguu wa swichi, nyingine kwenye bodi, sehemu iliyokwanguliwa rangi. Kandamiza kipini kwa kidole. Mita isisome kitu kabisa. Ikisoma namba yoyote, hata kubwa inayochezacheza, swichi imekufa. Kama umepima mchana na iko safi usishangilie, chovya kidole kwenye maji uilowanishe kidogo upime tena. Ya yule dada mchana ilikua kimya, nilipoilowanisha namba zikaanza kushuka zenyewe huku naangalia, na nilipoichomoa chini yake kulikua na kutu la kahawia limeota mpaka kwenye mguu wa waya.

Usiisafishe na msasa ukairudisha, inatulia kidogo alafu inarudi. Nunua mpya, ni kitu cha bei ndogo. Unapofunga kwangua rangi pale inapokaa, funga, alafu paka grisi juu na chini kwenye mguu wa waya. Ile dawa ya kupuliza ya kulainisha bolti sio grisi, inakauka. Na ukiweza ihamishe isikae kwenye mfereji wa maji.

Kuna jingine kwenye swichi hiyo hiyo: inawezekana ni nzima ila boneti haiikandamizi vizuri, upepo ukitikisa boneti inaachia. Chukua kidonge cha unga wa chapati uliokandwa, kirefu kuliko kipini, kifunge kwenye nailoni, kiweke kwenye bodi kando ya kipini, funga boneti alafu fungua. Linganisha urefu wa kidonge kilichobanwa na urefu wa kipini kikiwa kimepanda, tofauti yake ndo kiasi kipini kinachoshuka. Kama tofauti ni ndogo sana, kipini ni kifupi. Mi nataka kishuke si chini ya nusu sentimita. Unganisha waya kwa kuchomea risasi na uvishe mpira wa kubana. Kusokota na kuzungushia selotepu, kwa hewa ya hapa, ni kujitafutia kazi nyingine.

4. Milango

Washa taa ya ndani iwe ya kufuata mlango. Tikisa kila mlango ukiwa umefungwa, taa ikipepesa umeshampata mchawi, ni swichi ya mlango huo.

5. Sensa ya mtikisiko

Sasa ndo unaigusa. Fungua paneli ya chini ya usukani, waya na plagi za njano usiziguse, hizo ni za eabegi. Angalia kwanza sensa imefungwaje. Ikiwa imening'inizwa kwenye rundo la waya hakuna kurekebisha kutakakosaidia, ifunge kwenye chuma kwa skrubu. Alafu bisibisi ndogo, zungusha kidogo sana, funga gari, subiri dakika, gonga nguzo ya mlango kwa kiganja (sio kioo). Kama unalala kando ya barabara ya malori ya bandarini, jaribu lori likipita.

6. King'ora chenye betri yake ndani

Kile chenye tundu la ufunguo. Kikizeeka betri yake inakufa, kinalia chenyewe wakati alamu haijashtuka wala kitaa hakikonyezi. Badilisha king'ora.

Ikibaki inalia baada ya yote haya, chomoa plagi ya sensa ulale nayo hivyo, milango na boneti bado vinalindwa. Ikikaa kimya tatizo ni sensa. Ikilia, rudi hatua ya 3 na mita mkononi, na uipime alfajiri.