Jinsi ya kutembea Chinatown ya New York ukajua nani kahama na nani kaingia

Mlioko New York au mnaokuja kutembea, naomba msiende Chinatown, mtaa wa Wachina, kupiga picha taa nyekundu halafu basi. Ule mtaa unabadilika kila mwaka, na ukiangalia menyu na mboga zinazouzwa utajua watu gani wanaingia na gani wanaondoka.

Nenda asubuhi, saa nne hivi, na ubebe keshi maana maduka madogo mengi hayataki kadi. Shuka Canal Street, ingia Mott, Bayard, Pell na Doyers. Huku ndo kwa wakongwe, watu wa Guangdong, hasa Taishan. Sheria ya Marekani ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina mpaka 1943, ndo maana mtaa ulikaa mdogo na umejaa wanaume kwa miaka mingi, familia zimekuja kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965. Chakula chao ni dim sum, visahani vidogo vidogo na chai. Mgahawa wa Nom Wah pale Doyers ipo tangu 1920. Chai ikiisha usiite mtu, acha mfuniko wa birika wazi, watakuja kujaza.

Halafu uliza habari za Jing Fong, mgahawa mwingine wa dim sum. Ukumbi wao wa Elizabeth Street ulikuwa unaingiza watu kama 800, harusi za mtaa zilifanyikia humo, ulifungwa 2021 na sasa wako Centre Street kwenye sehemu ndogo zaidi. Inauma, na haikuanza na korona. Viwanda vya nguo vilikuwa vishaanza kupungua, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ndo vikafa karibu vyote, na wale akina mama washonaji ndo walikuwa wananunua mikate na chakula cha kubeba kila jioni, sasa mshonaji akihama na duka la mikate litamuuzia nani? Kwa hiyo ukikuta duka la chai ya maziwa yenye vidonge vya unga wa muhogo (bubble tea) au kahawa ya bei mbaya, muulize mzee wa jirani pale palikuwa na nini.

Sogea East Broadway, chini ya daraja la Manhattan. Hawa ni watu wa Fujian, wamejaa kuanzia miaka ya 80. Kula tambi za mchuzi wa karanga na supu ya vidonge vya samaki (ndani vina nguruwe, msiokula muwe makini). Angalia juu utaona ofisi za kutafutia kazi, kijana anapewa kazi ya jikoni jimbo la mbali na anapanda basi hapo hapo. Wengi wao wamehamia 8th Avenue kule Sunset Park, Brooklyn, kodi ya pango imewashinda.

Sasa mboga, hapa ndo patamu. Kwenye meza za Forsyth Street pembeni ya daraja, kiangazi utapata matembele, mchicha wenye wekundu katikati ya jani, karela, majimbi na bamia. Usihangaike na majina, onyesha kwa kidole. Matembele chagua yenye vikonyo laini vinavyokatika kwa kucha.

Ukibaki na nguvu panda treni namba 7 hadi mwisho, Flushing, mtaa mwingine wa Wachina kule Queens. Walianza watu wa Taiwan miaka ya 70, wakafuata wa kaskazini mwa China, ndo maana utakuta ngano na kondoo kuliko wali. Migahawa ya Xi'an Famous Foods ilianzia huko kwenye jengo la Golden Shopping Mall mwaka 2005. Siku hizi kampuni za China kwenyewe zinafungua matawi, migahawa ya sufuria la moto mezani imejaa. Waislamu tafuteni tambi za kuvuta kwa mkono zenye maandishi ya halali kwa Kiarabu mlangoni, ila uliza kwanza kabla ya kukaa, kwani kwenye kumbi za chakula jirani yake anaweza kuwa anapika nguruwe.