Bunduki ya upepo imepungua nguvu? Usikimbilie springi

Wengi wanaoniletea bunduki zao za upepo hapa Birmingham, zile za kukunja mtutu, huja na springi mpya mkononi. Bunduki imelegea, basi springi imechoka. Mimi springi huiangalia mwisho. Mara nyingi kinachovujisha hewa ni oringi, yaani pete ya mpira ya bei ya chai iliyokaa pale mtutu unapofungia.

Kwanza pima, maana sikio na bega hudanganya. Piga vidonge (risasi ndogo za bunduki hii) kumi vya kopo moja mbele ya kipima kasi na uandike kila namba. Kidonge cha gramu 0.55 kikitoka kwa mita 235 kwa sekunde kina nguvu ya takriban jouli 15. Kikishuka hadi mita 200 kimebaki na 11. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni namba kuyumba. Kimoja 230, kinachofuata 212, kingine 225: hapo kuna hewa inatoroka. Ndiyo maana nasisitiza uzipime na kuziandika wakati bunduki bado nzima, upate cha kulinganishia.

Kisha jaribu oringi ya mtutu. Weka kipande chembamba cha tishu juu ya maungio, bunduki ikiwa na kidonge na imeelekezwa kwenye kizuizi salama, ufyatue. Tishu ikiruka, oringi imekwisha. Ing'oe kwa sindano, safisha mfereji wake, weka nyingine. Ikae juu kidogo kuliko uso wa chuma. Ikizama, itandikie karatasi nyembamba chini yake. Na mkono mmoja uushike mtutu barabara muda wote bunduki ikiwa imekokiwa, yaani springi imebanwa tayari kufyatuka, na mtutu uko wazi, maana ukijifunga wenyewe utakukata vidole.

Tishu haikutikisika na nguvu bado ndogo? Sasa ndiyo zamu ya sili ya pistoni, ile inayozuia hewa isipite kando ya pistoni inayosukumwa na springi ndani ya silinda. Bunduki nyingi za zamani zina sili ya ngozi, na ngozi haifi upesi, hukauka. Isimamishe bunduki kwa kitako, dondoshea matone machache ya mafuta kwenye tundu la hewa, iache usiku kucha. Moshi kidogo kwenye vidonge vya mwanzo ni kawaida. Usiibadilishe kabla ya kuinywesha.

Sili za plastiki ni habari nyingine. Feinwerkbau 124, bunduki za Kijerumani za miaka ya 1970, zinajulikana kwa hili: sili zake za asili huoza kwa umri hata bunduki ikiwa kabatini, ukifungua unakuta makombo ya kahawia yanayopondeka kwa ukucha. Hiyo badilisha bila kuuliza imepiga vidonge vingapi. Kwenye sili nyingine za plastiki, kagua ukingo chini ya taa. Ukiona mkato, alama ya kuungua au ukingo uliokakamaa, itoe. Mkato mara nyingi hutokana na ncha kali za mwanya wa silinda wakati wa kuiingiza, kwa hiyo zilainishe kwa msasa kabla ya kuweka mpya. Kuungua husababishwa na mafuta ya kulainishia yatokanayo na petroli yaliyomiminwa ndani: pistoni ikiyagandamiza huwaka, na mlio hugeuka kuwa mpasuko.

Springi iliyovunjika hujisema yenyewe: kukoki kunakwaruza au kumekuwa kwepesi ghafla, na kila ukifyatua inalia zing. Mara nyingi hukatika karibu na ncha. Iliyofupika tu isikutishe. Springi mpya nyingi hupoteza urefu mwanzoni kisha hutulia. Ivingirishe juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda, na iliyopinda haitengenezeki. Kinachoziua haraka ni kufyatua bila kidonge na kuiacha bunduki imekokiwa kwa saa nyingi.

Kuitoa kunahitaji kibanio maalumu. Springi imebanwa ndani hata bunduki ikiwa haijakokiwa, na kifuniko kikiruka kinavunja taya. Huna kibanio, mpelekee fundi.

Kabla ya kufunga, ipake springi grisi ya molibdeni kiasi. Ukishafunga, piga kopo zima la vidonge, halafu pima tena. Hapa Uingereza bunduki ya upepo ikivuka futi-pauni 12, yaani jouli 16.3 hivi, inahitaji cheti cha silaha ya moto, na springi nene iliyonunuliwa kwa tamaa huvuka hapo kwa urahisi. Ikivuka, ifungue siku hiyo hiyo.