SOMO: Namna ya kusoma maana ya meme na gemu (maliza kusoma kabla hujauliza)

Wakuu, inbox imejaa swali lile lile, "hii meme (picha ya utani yenye maneno inayosambaa mtandaoni) maana yake nini" na "gemu linabebaje ujumbe wakati ni la kupotezea muda". Naandika mara moja, mwingine akiuliza nampa linki.

Hatua 1. Angalia picha, soma maneno yote.

Hatua 2. Tafuta picha ilikotoka.

Hatua 3. Angalia neno gani limewekwa kwa nani. Hapa ndo wengi wanaharibu, anasoma maneno halafu picha anaiona pambo. Chukua ile ya jamaa wa shati la drafti kageuza shingo anamkodolea dada wa gauni jekundu, mpenzi wake pembeni kabaki mdomo wazi. Aliipiga Mhispania Antonio Guillem, ikasambaa kama meme 2017. Dada wa gauni jekundu yuko mbele kabisa lakini kafifia, wanaoonekana vizuri ni jamaa na mpenzi wake, yani habari ni ya usaliti, huyo dada ni kishawishi tu. Sasa andika "mimi" kwa jamaa, "kusoma" kwa mpenzi, "simu" kwa dada. Kila mtu kaelewa na hujaandika sentensi hata moja. Badilisha, "simu" iende kwa mpenzi na "kusoma" kwa dada, umeshasema kinyume chake kwa maneno yale yale. ANGALIZO: usisambaze meme ambayo hujajua nani kawekwa nafasi ya kuchekwa, unaweza ukawa unatukana watu bila kujua.

Hatua 4. Kwenye gemu weka stori pembeni, uliza sheria zinaniruhusu nini na zinaninyima nini. Chukua gemu la kompyuta linaloitwa September 12th, la mbunifu wa magemu Gonzalo Frasca, 2003: kijijini raia na magaidi wamechanganyikana, wewe una makombora tu. Ukibonyeza, kombora linachelewa kidogo, linaua na raia, wenzao wanakuja kulia, waliolia wanageuka magaidi. Hakuna pointi wala kushinda. Usipopiga hawaongezeki. Hakuna anayekuhubiria, unajionea kwa kidole chako mwenyewe.

MASWALI

Kipepeo7: Mkuu ndefu sana, kwa kifupi meme inasomwaje?
— Hatua ya 3.

Babu Chacha: Meme ni utani, mnalazimisha maana.
— Utani ndo unaobeba. Ukicheka ujue ushaelewa anasemwa nani, usingeelewa usingecheka. Na sijasema kila meme ina falsafa, rudia kusoma.

Nuru_M: Kwa hiyo ukibadili sheria bila kugusa picha, gemu linasema kitu kingine?
— Swali zuri sana hili! Ndiyo, na watu walishaliona kabla ya kompyuta. Lizzie Magie wa Marekani alisajili gemu lake la ubao 1904, ndo lililokuja kuzaa Monopoly, lile la kununua viwanja na kutoza kodi anayetua kwako. Alitaka watu waone kodi ya kupangisha ardhi inavyomtajirisha mwenye ardhi na kuwafilisi wengine, akaweka na kanuni za pili ambazo utajiri unagawanywa kwa wote. Ubao ule ule, ukicheza huku unajifunza kunyang'anya, kule unajifunza kugawana. Jaribu na gemu unalolipenda, toa sheria moja tu kichwani uone linakuwa gemu gani.

Kipepeo7: Hatua ya 2 inanigomea, natafuta mtandaoni kwa kupakia picha yenyewe, zinakuja meme tupu.
— Kata maneno kwanza, bakiza sura.

Nuru_M: Na ikiwa video, piga skrinshoti sehemu iliyotulia ndo uitafutie, ikiwa kwenye mwendo inatoka ukungu haipati kitu.
— Asante, naiongeza hatua ya 2.