Rangi ya Ndani na Mvua za Masika: Tafuta Maji Kabla ya Kushika Brashi

Katika nyumba nyingi za Mwanza zilizojengwa kwenye miteremko ya miamba, rangi ya ndani huanza kuharibika masika yanapokolea kati ya Machi na Mei. Mwenye nyumba akiona ukuta umefura humwita fundi aongeze mkono mmoja wa rangi, na mkono huo hubanduka hata kabla vuli haijaanza mwezi Oktoba, kwa kuwa maji yangali ndani ya ukuta.

Anza kwa kutambua maji yanatoka wapi. Doa la kahawia linaloshuka kutoka darini huelekeza kwenye bati au msumari uliolegea, na tundu hilo lizibwe kwanza. Vidoadoa vyeusi nyuma ya kabati ni kuvu inayolelewa na hewa iliyotuama. Visugue kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa tatu za maji, bila kuichanganya kamwe na dawa ya kusafishia choo, kisha sogeza kabati mbali na ukuta.

Unyevu unaopanda kutoka chini ndio unaosumbua zaidi mlimani. Maji ya mvua yakifika kwenye jabali hukosa pa kuzama, hivyo huteleza juu ya mwamba, chini ya udongo, mpaka yakutane na msingi. Tofali huyanyonya, nayo hupanda hadi usawa wa goti au kiuno yakiwa yamebeba chumvi, ambayo ukuta ukikauka hubaki kama unga mweupe na kuisukuma rangi itoke. Nyumbani kwa mama yangu mkubwa, Igogo, niliwahi kubonyeza kwa kidole gumba lengelenge la rangi ya mafuta lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Lilipasuka likatoa maji, na lipu iliyokuwa nyuma yake ikamomonyoka kama mchanga wa ufukweni. Rangi ile ilikuwa imeyafungia maji ukutani, ndiyo maana siishauri kwa ukuta wa namna hiyo.

Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, ukizibe pande zote nne kwa selotepu, na ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ukuta, maji yanatoka ndani. Yakiwa upande wa chumba, fungua madirisha zaidi.

Kwa maji yanayotoka ardhini, ondoa udongo ulioegemea ukuta upande wa mlimani, kisha chimba mfereji unaopita chini ya usawa wa sakafu lakini usiofika kitako cha msingi, uujaze kokoto na uelekeze maji pembeni. Ndani, kwangua rangi mpaka kwenye lipu na uondoe chumvi kwa brashi kavu, kwani ukiiosha itayeyuka na kurudi ukutani. Lipu iliyooza ibomolewe, na mpya isubiri wiki nne.

Baada ya hapo uache ukuta uchi mpaka kiangazi cha Juni hadi Septemba. Najua wageni watauona, lakini unahitaji kupumua. Rudia jaribio la nailoni, na ikitoka kavu pande zote mbili, paka rangi ya maji mikono miwili.