Somo: Kuitambua hadtopu ya Kimarekani na jina lake

Kwetu Tanzania ukisema hadtopu, mtu anaiona Land Cruiser ya porini. Kwa Wamarekani wa miaka ya 1950 ilikuwa gari lenye paa la chuma, lakini halina nguzo kati ya kioo cha ubavuni cha mbele na cha nyuma. Kwangu mimi hakuna umbo zuri kuliko hilo, ndiyo maana inaniuma nikiona jina linabandikwa ovyo.

Hatua ya kwanza: shusha vioo vyote vya ubavuni. Pakibaki uwazi mmoja mtupu, ni hadtopu. Pakibaki nguzo, si hadtopu, hata nembo iseme nini.

Hatua ya pili: soma nembo. Hapa ndipo penye utamu, maana kila kampuni iliipa hadtopu jina lake la pekee. Mwaka 1949 Buick walitoa Riviera, Oldsmobile wakatoa Holiday, Cadillac wakatoa Coupe de Ville. Mwaka uliofuata zikaja Bel Air ya Chevrolet, Catalina ya Pontiac na Newport ya Chrysler. 1951 Ford wakajibu kwa Victoria. Mengi yananukia ufukwe na likizo, kwani mnunuzi alikuwa anauziwa raha ya gari la paa la kukunja bila kuloa mvua.

Hatua ya tatu: linganisha jina na mwaka. Majina yalihama! Kuanzia 1953 Bel Air ikawa daraja zima la Chevrolet, sedani za nguzo zikiwemo. Catalina nayo ikafuata 1959. Kwa hiyo ukiniambia "Bel Air ya 1957" bado hujaniambia kama ni hadtopu. Hadtopu ya milango miwili iliitwa Bel Air Sport Coupe.

MASWALI

Mwalimu, Ford Crown Victoria ya 1955 nayo ni hadtopu?
Hapana, ndugu yangu. Ule mkanda unaong'aa juu ya paa unashukia kwenye nguzo. Wengi hukosea hapo.

Lazima iwe ya milango miwili?
Mwanzoni ndiyo. Mwaka 1955 Buick na Oldsmobile walileta ya milango minne.

Shikamoo mwalimu. Kwa nini zilikwisha?
Marahaba. Miaka ya 1970 watengenezaji walihofia sheria za usalama gari linapopinduka, nguzo zikarudi. Hadtopu kubwa za mwisho Marekani zilikuwa za Chrysler, mwaka 1978. Mojawapo iliitwa Newport, jina lile lile la 1950.