Kabla hujalowesha karatasi: kuchora kinu cha upepo kwa rangi za maji

Watu wengi wanadhani uchoraji wa mkono mwepesi, ule wa kuiacha rangi itembee na maji, hauhitaji maandalizi. Aisee unahitaji kuliko mwingine wowote, maana karatasi ikishalowa una dakika chache tu, ukiinuka kwenda kutafuta tishu unarudi anga imeshakauka na ina mabaka.

Kwenye karatasi usibane hela. Chukua ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, ile nyembamba ya daftari inajikunja, maji yanatuama kwenye mabonde na mawingu hupati ng'o. Ibandike kwenye ubao kwa tepu pande zote nne, afu nyanyua upande wa juu, kitabu kimoja chini yake kinatosha.

Halafu kijue kinu chenyewe. Mi napenda vya Kinderdijk kule Uholanzi, viko 19, vingi vimejengwa karibu na mwaka 1740 kwa kazi ya kuvuta maji kutoka kwenye ardhi ya bondeni, na ardhi yenyewe ni tambarare kabisa, kwa hiyo mstari wa upeo uweke chini, theluthi mbili zote iwe anga. Mapanga yake, yale mabawa yanayosukumwa na upepo, ukisimama mbele yanazunguka kinyume cha saa, na yakisimamishwa yanasema kitu: panga la juu likiwa bado kidogo lifike wima, yaani limelalia kulia kwako, kuna furaha, likiwa limeshapita kidogo kwenda kushoto kuna msiba. Sasa we uyaweke tu popote? Hilo liamue mapema, weka alama kwa penseli, mistari michache tu.

Rangi tatu zinatosha, bluu ya ultramarini, kahawia ya siena iliyochomwa na njano ya oka. Bluu na hiyo kahawia ukichanganya unapata kijivu kizuri sana cha mawingu, na ukizidisha rangi unapata giza la kinu. Koroga nyingi kabla, na iwe nzito kuliko unavyotaka kwa sababu ikikauka inapauka. Makopo mawili ya maji, la kuoshea brashi na la maji safi.

Mapanga ni ya mwisho, anga ikauke kwanza, gusa kwa mgongo wa mkono, ukisikia ubaridi bado. Afu ile michirizi ya mapanga ijaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni kwa brashi nyembamba, mara kumi hata ishirini, mpaka mkono uache kusita.