Jiko la kuni lenye bomba: kulitumia na kulitunza bila kuhatarisha nyumba wala mapafu

Kazi yangu ni kujenga na kukarabati majiko ya kuni huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, zaidi Njombe na Makete, ambako Juni na Julai baridi huuma kwelikweli na kule Kitulo sakitu, yaani umande ulioganda, huanguka. Miezi hiyo familia nzima hukaa jikoni jioni. Nikiitwa kwamba bomba limeanza kurudisha moshi, naomba kwanza nionyeshwe kuni, maana matatizo mengi huanzia hapo. Kuni mbichi huleta masizi, masizi huziba bomba, na bomba lililoziba hurudisha moshi na gesi ndani ya nyumba. Ukiilinda njia hiyo ya hewa, kutoka mdomo wa jiko hadi juu ya paa, umelilinda jiko lenyewe.

Naongelea jiko la matofali au udongo lenye bomba la bati. Mengi yanafaa pia kwa jiko la chuma.

Hatua ya 1: Andaa kuni miezi kadhaa kabla

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Moto utahangaika na maji hayo kabla haujafika kwenye sufuria yako. Pasua magogo yangali mabichi, ndipo yanapopasuka kirahisi, na vipande visizidi unene wa kifundo cha mkono. Vipange kwenye kibanda chenye paa na pande zilizo wazi, juu ya miti miwili ili visiguse ardhi. Vipe miezi 6 angalau. Penye ukungu mwingi ngoja zaidi.

Kuni iliyokauka ina nyufa nchani zinazoelekea katikati, na gome lake hubanduka kwa kidole. Gonganisha vipande viwili: vikilia ko! ko! kwa mlio mkavu, viko tayari. Kuni mbichi hutoa sauti nzito, na ukiitia motoni utaona povu likichuruzika upande wa pili.

Watu wa Njombe tumejaliwa miwati. Ni kuni nzito, hukaa na moto na huacha makaa mazuri. Paina huwaka haraka kwa sababu ya utomvu, kwa hiyo mimi naitumia kuwashia tu.

Sasa jambo ambalo naomba ulishike sana. Usichome vipande vya nguzo za umeme wala mbao zilizotiwa dawa. Ule ukijani unaouona juu yake mara nyingi ni wa dawa yenye shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu. Sehemu yake hutoka na moshi, na nyingine hubaki kwenye majivu ambayo kesho utayamwaga kwenye mchicha. Plastiki, mbao za rangi na vipande vya tairi navyo visiingie jikoni.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kuwasha

Toa majivu ya jana. Kama jiko lina kichanja cha chuma cha kuwekea kuni, nafasi iliyo chini yake ni ya hewa, usiijaze kuni. Ondoa kuni za akiba, magunia na nguo zilizo karibu na mdomo wa jiko. Fungua dirisha hata kama kuna bomba, kwa sababu hewa inayopanda bombani lazima iwe na pa kuingilia.

Jiko jipya la udongo liache likauke wiki 2 hadi 3, kisha anza na moto mdogo siku chache. Ukiliwashia moto mkubwa lingali na unyevu, mvuke utalipasua.

Hatua ya 3: Washa

Asubuhi bomba linakuwa na hewa ya baridi, nzito, ndiyo maana moshi wa kwanza hukurudia usoni. Fungua kilango cha kusafishia kilicho chini ya bomba, choma humo karatasi moja au nyasi kavu, ukifunge, halafu washa vibanzi kwenye mdomo wa jiko. Utasikia hewa ikianza kuvuta.

Usimimine mafuta ya taa kwenye makaa yanayofuka. Hugeuka mvuke kwanza, kisha mvuke wote hushika moto kwa mkupuo mmoja, na wewe umeinama hapo. Petroli usiifikirie kabisa.

Hatua ya 4: Pika

Weka vipande viwili au vitatu, viungue nchani tu, na usogeze kidogo kidogo. Kuni ndefu iwekee jiwe la kuiegemeza nje ili isidondoke na moto wake. Kanga au kitenge kinachoning'inia kifungwe vizuri. Watoto wachorewe mstari sakafuni, mita 1 kutoka jikoni, na wafundishwe kuuheshimu. Akiungua mtu, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na mafuta ya kula visipakwe.

Moto ukishakolea, toka nje utazame juu ya bomba. Jiko linalochoma vizuri hutoa moshi hafifu sana. Moshi mzito unakwambia kuni ni mbichi au umejaza mno. Wapo wanaosukumia gogo bichi usiku ili moto ulale hadi asubuhi. Hapo ndipo masizi mabaya kabisa hutengenezwa.

Hatua ya 5: Makaa yabaki jikoni

Usiku wa baridi watu huchota makaa, huyatia kwenye jiko la mkaa na kuliingiza chumbani, wakiamini kwamba hakuna moshi, basi hakuna hatari. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya damu hung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Huanza kama kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, dalili ambazo mtu huzidhania malaria au uchovu, kisha analala. Watu wawili katika chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, usisubiri: zima, toeni watu wote nje na muende hospitali, hata kama hewa safi imewapa nafuu. Nawasihi wazazi hasa. Blanketi la ziada linatosha.

Hatua ya 6: Safisha bomba

Jiko la kila siku nalikagua kila mwezi. Jiko likiwa limepoa kabisa, fungua kilango cha chini, ingiza kioo na tochi utazame juu. Masizi laini ya unga ni ya kawaida. Ukiona magamba meusi yanayong'aa, yameganda kama lami, ujue kuni zako ni mbichi na hayo yanaweza kuwaka.

Fanyeni wawili. Wa juu ashushe brashi ya waya yenye kamba na uzito, au gunia dogo lililojazwa nyasi na jiwe, apandishe na kushusha. Wa chini azibe mdomo wa jiko kwa kitambaa chenye maji, afunike pua. Juu ya bati kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake ndipo papi ilipo, yaani ubao unaoshikilia bati, na usipande bati likiwa limelowa.

Kisha tafuta nyufa. Pitisha kijiti kinachofuka kwenye maungio jiko likiwaka: moshi wa kijiti ukivutwa ndani, pana ufa. Ziba kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga. Bomba tupu la bati likae sentimita 45 kutoka papi, kenchi na silingbodi. Nafasi isipopatikana, lizungushie matofali ya kuchoma.

Majivu yatie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, uiweke nje juu ya udongo, mbali na ukuta. Kaa moja lililofunikwa na majivu laweza kubaki hai zaidi ya siku nzima.

Bomba likiwaka ndani

Utasikia mvumo mkubwa na kuona cheche juu. Toa watu wote. Ziba mdomo wa jiko na kilango kwa bati au udongo ili ukate hewa, na mwaga mchanga juu ya moto. Usimwage maji bombani: mvuke wa ghafla hupasua bomba. Piga 114, Zimamoto, kisha chunguza papi na dari kwa saa kadhaa. Jiko lisiwashwe tena mpaka fundi alifungue bomba na kuangalia kila ungio.